Nikope nilipie kipimo cha mchoro wa protini za damu?

*"Dokta, shikamoo. Nina miaka 43, naishi Morogoro, nina watoto watatu. Mama yangu alifariki miaka sita iliyopita. Tuliambiwa ni saratani ya ovari, na ilipogundulika tumbo lilikuwa limeshajaa maji. Mwezi uliopita nilipima CA-125 kwenye maabara binafsi, ikatoka 48, na karatasi inasema mwisho ni 35. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Hapo hapo maabara wakaniambia kuna kipimo kipya: wanatoa damu, wanaituma nje ya nchi, mashine inasoma mchoro wa protini zote na kompyuta inasema kama una saratani, aina zaidi ya kumi, hata kabla dalili hazijaanza. Bei yake ni mshahara wangu wa miezi miwili na ushee. Mume wangu anasema tukope. Je, tukope?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa mama. Jibu la swali lako la mwisho ni hapana, msikope. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekuacha na usingizi wako ule ule. Umeniuliza jambo moja, ila ndani yake yapo matatu: hiyo 48, hicho kipimo kipya, na ugonjwa wa mama. Watu wa maabara wamekuonyesha mawili ya kwanza. La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, hawakuligusa.

Nianze na 48. CA-125 ni protini ambayo Robert Bast na wenzake waliibaini huko Boston mwaka 1981. Wengi hudhani ni protini ya saratani, kwamba ikionekana kwenye damu basi saratani ipo. Sivyo. Hutengenezwa pia na tishu za kawaida kabisa: ukuta wa ndani wa mji wa mimba, mirija ya uzazi, na utando mwembamba unaofunika viungo vya tumboni na kifuani. Kitu chochote kinachoukera utando huo huipandisha. Hedhi yenyewe huipandisha. Mimba changa, fibroidi, endometriosisi, maambukizi ya nyonga, ini lililosinyaa, moyo unaoshindwa kusukuma damu, vyote hivyo vyaweza kukupa 48 na zaidi. Kuna na kifua kikuu cha tumbo, ambacho huku kwetu hatuna ruhusa ya kukisahau. Hicho huweza kulijaza tumbo maji na kuipeleka CA-125 hadi mamia, kila mtu akaamini ni saratani ya ovari, hadi kinyama kilichokatwa kwa ajili ya kupimwa kifike maabara na tukute ni ugonjwa unaotibika kwa vidonge vya miezi sita.

Huo mstari wa 35 nao ulichorwa na binadamu. Waliwapima watu wenye afya, wakachagua namba ambayo takriban mmoja tu kati ya mia angeivuka. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kuivuka kidogo ni jambo la kila wiki kwenye maabara yoyote. Tena, na hili hulisikii sana, karibu nusu ya wanawake wenye saratani ya ovari iliyo hatua ya kwanza wana CA-125 ya kawaida. Kwa hiyo hata ungepata 20 nisingekuambia uko salama. Namba hiyo ikisimama peke yake haitoshi kukutisha wala kukutuliza. Karatasi yako haisemi ulipima siku gani ya mzunguko, na nadhani hakuna aliyekuuliza.

Sasa hicho kipimo kipya. Wazo lake si upuuzi, na waliolianzisha hawakuwa matapeli. Walisema hivi: ikiwa protini moja inatudanganya, tuziangalie nyingi kwa pamoja. Mtu humtambui kwa pua tu. Unaziona pua, macho, mwendo na sauti, ndipo unasema huyu ni fulani. Huenda saratani nayo ina sura yake ndani ya damu, ambayo jicho letu haliioni ila kompyuta itaiona.

Taabu inaanzia kwenye damu yenyewe. Ukiondoa chembe zake, yanabaki maji yenye gramu 60 hadi 80 za protini katika kila lita, na zaidi ya nusu ya hizo ni albumini peke yake. Uvimbe wenye ukubwa wa punje ya mtama utachangia kiasi gani humo? Kidogo mno, mara mamilioni pungufu ya hiyo albumini, na pengine zaidi. Ni kumsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya Kariakoo saa sita mchana. Mashine inayodai kusoma "protini zote" kwa kawaida inasoma zile zinazopiga kelele, yaani nyingi zinazotengenezwa na ini. Na ini hubadilisha utengenezaji wake kwa sababu mia: malaria, jino bovu, maambukizi ya njia ya mkojo, hata kufunga siku chache.

Nikusimulie kisa kimoja, kwa sababu kinafanana na ulichoambiwa pale maabara, na kilitokea kwenye saratani hii hii ya ovari.

Februari 2002 jarida la *The Lancet* lilichapisha kazi ya Emanuel Petricoin, Lance Liotta na wenzao kutoka taasisi za serikali ya Marekani. Walidondoshea matone ya damu iliyochujwa juu ya kibati maalumu, wakakipiga kwa mwali wa leza, na protini zikaruka ndani ya bomba. Nyepesi zikifika mwanzo, nzito zikifuata. Kinachotoka ni mchoro wenye vilima maelfu. Kompyuta ikafundishwa kutafuta vilima vichache vinavyowatofautisha wagonjwa na wazima, kisha ikapewa sampuli 116 ambazo haikuwa imeziona. Kati ya wanawake 50 wenye saratani iliwatambua wote 50, wakiwemo 18 waliokuwa hatua ya kwanza. Kati ya 66 wasio na saratani ilikosea kwa watatu tu.

Fikiria furaha iliyofuata. Saratani ya ovari huitwa muuaji wa kimyakimya, na hapa kulikuwa na tone la damu linaloiona ikiwa changa. Kampuni ya Correlogic ya Maryland ikajiandaa kukiingiza kipimo sokoni kwa jina la OvaCheck.

Watafiti wale walifanya jambo la heshima: waliziweka data zao hadharani. Keith Baggerly na wenzake, wanatakwimu wa kituo cha saratani cha M. D. Anderson kule Houston, wakazichukua na kuzipitia upya. Walichokuta ni cha kushangaza. Katika seti mojawapo, wagonjwa na wazima waliweza kutenganishwa vizuri kabisa kwa kutumia sehemu ya mchoro isiyo na protini yoyote ya maana, ule mkwaruzo wa mashine tu, kama redio inapokaa katikati ya stesheni mbili. Saratani haitoi mkwaruzo. Maana yake ni kwamba sampuli za makundi mawili hazikushughulikiwa kwa namna moja. Kitu fulani katika utaratibu wa maabara kilitofautiana, na kompyuta, ambayo haijui saratani ni nini, ikajifunza tofauti hiyo badala ya ugonjwa. Vilima vilivyochaguliwa kwenye seti moja navyo havikufaa kwenye seti nyingine. Eleftherios Diamandis, mtaalamu wa maabara wa Toronto, akaongeza kwamba vilima vingi vilivyosifiwa huenda ni protini za kawaida zenye wingi mkubwa, si za uvimbe. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikasema kipimo hicho hakitauzwa bila kukaguliwa kwanza. Hakikuingia sokoni.

Watu wa nje ya maabara huona ajabu mashine ya mamilioni kudanganywa na jambo dogo namna hiyo. Mimi sioni. Damu si jiwe. Ikitoka mkononi mwako vimeng'enya vilivyomo vinaanza kuzikatakata protini zile zile tunazotaka kuzisoma. Ikikaa saa moja kabla ya kuchujwa ina mchoro mmoja, ikikaa saa tano ina mwingine. Aina ya chupa, joto la chumba, idadi ya mara ilizogandishwa na kuyeyuka, vyote huacha alama. Nimewahi kupokea sampuli zilizosafiri na basi usiku kucha, barafu imeshakuwa maji, na fomu imeandikwa kwa mwandiko mzuri "zimehifadhiwa kwenye ubaridi". Kwa hiyo mtu akiniambia damu itatoka Morogoro ipande gari, ipande ndege, ikasomwe mchoro wake wa protini nje ya nchi, swali langu la kwanza ni nani aliyethibitisha kwamba mchoro utakaofika ndio ulioondoka.

Tuseme mashine imenyooka na sampuli imefika salama. Bado kuna hesabu, na tafadhali nifuate polepole hapa. Saratani ya ovari ni adimu. Hata kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, anayekuwa nayo kwa wakati mmoja ni karibu mmoja kati ya 2,500. Chukua wanawake 2,500 wa umri huo, uwapime kwa kipimo kama kile cha 2002, kisichomkosa mgonjwa yeyote na kinachowasafisha 95 kati ya kila wazima 100. Mgonjwa mmoja ataonekana. Lakini kutoka kwa wale 2,499 wazima, asilimia tano wataambiwa wana saratani: wanawake 125 hivi. Watu 126 watarudi nyumbani wakilia, na 125 kati yao wanalilia kitu ambacho hawana.

Na kuwaondolea hofu si kazi rahisi. Uvimbe wa titi tunaudunga sindano tukapata jibu. Ovari inayoshukiwa saratani hatupendi kuidunga, kwa kuogopa kuzimwaga seli tumboni. Mara nyingi jibu linapatikana kwa upasuaji. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2011 liliwafuatilia wanawake 78,216, nusu wakipimwa CA-125 na altrasaundi kila mwaka. Wanawake 3,285 walipata majibu ya uongo, 1,080 kati yao wakapasuliwa, na 163 wakapata madhara makubwa ya upasuaji. Vifo vya saratani ya ovari havikupungua. Uingereza walijaribu njia makini zaidi, wakiangalia jinsi CA-125 inavyopanda mwaka hadi mwaka kwa wanawake zaidi ya 200,000. Majibu ya mwisho yakatoka 2021: baadhi ya saratani ziligunduliwa mapema zaidi, lakini waliokufa walikuwa sawa na wasiopimwa. Niliposoma hilo nilikaa kimya kwa muda, nakiri. Kuiona mapema na kumwokoa mgonjwa nilizoea kuvitaja kwa pumzi moja.

Pengine watakuambia hayo ni ya zamani, siku hizi teknolojia imekua. Imekua kweli. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins walichanganya protini nane na mabadiliko ya vinasaba kutoka jeni 16, wakawapima watu waliokuwa tayari wamegundulika na saratani. Za ovari zilionekana karibu zote, za titi theluthi moja tu. Kisha toleo la awali la kipimo hicho likapelekwa kwa wanawake 10,006 wa miaka 65 hadi 75 wasiojulikana kuwa na saratani, na hapo ndipo mtihani wenyewe ulipo. Saratani 96 zilijitokeza katika kipindi cha utafiti: damu ilibaini 26, vipimo vya kawaida kama picha ya titi vikabaini 24, na 46 hazikubainiwa na chochote kati ya hivyo. Mimi nayaita hayo mafanikio ya kweli, na kazi hii nataka iendelee. Lakini ona kwamba karibu nusu zilipita, kwa watu wenye umri mkubwa kuliko wako, katika hospitali zenye mashine kubwa za picha za kufuatilia kila jibu baya. Wewe ukipewa karatasi inayosema "imeonekana ishara ya saratani" bila kusema iko wapi, utaipeleka kwa nani kesho yake? Na ikisema "hakuna ishara", utapuuza tumbo likianza kujaa?

Usinielewe kwamba protini za damu hazina kazi. Zina kazi kubwa pale zinapopewa swali lililo saizi yao. Umesikia mimba zabibu, ile ambayo badala ya mtoto huota vifuko vingi kama zabibu: baada ya kusafishwa tunafuatilia protini ya hCG wiki kwa wiki, na ikigoma kushuka tunajua kuna kitu kimebaki, wakati mwingine saratani, na tunaitibu ikiwa changa. Inafanya kazi kwa sababu tishu hiyo ndiyo inayoimwaga kwa wingi, na kwa mwanamke asiye mjamzito hakuna kingine cha kawaida kinachofanya hivyo. Mwenye homa ya ini B ya muda mrefu hufuatiliwa kwa altrasaundi na protini ya AFP kila baada ya miezi sita. Na CA-125 yenyewe ni msaidizi mzuri kwa mgonjwa aliyekwisha kugundulika, kuangalia kama dawa zinafanya kazi. Katika yote hayo tunajua tunamtafuta nani, kwa nani, na tutafanya nini tukimpata.

Sasa mama. "Saratani ya ovari" katika familia zetu mara nyingi ni maneno yaliyosemwa mlangoni mwa wodi, mgonjwa akiwa hoi na tumbo limejaa maji. Yanaweza kuwa sahihi. Lakini tumbo kujaa maji huletwa pia na saratani ya ini, ya tumbo la chakula, ya utumbo, na kile kifua kikuu nilichokitaja. Na zipo saratani zinazoanzia tumboni zikaenda kuota kwenye ovari. Kabla ya kukopa hata shilingi, tafuteni faili lake. Kama alifanyiwa upasuaji au alichukuliwa kinyama, kuna ripoti ya patholojia, na vipande vyenyewe hugandishwa ndani ya nta na kutunzwa kwa miaka; hospitali aliyotibiwa yaweza kuwa bado inavyo. Ulizia.

Ikithibitika ni saratani ya ovari, hatari yako ni takriban mara tatu ya mwanamke mwingine. Linasikika kubwa, ila bado maana yake ni kwamba walio wengi katika hali yako hawaipati kamwe. Kinachobadilisha hesabu ni kama mama alibeba kasoro kwenye jeni za BRCA1 au BRCA2. Mwenye kasoro ya BRCA1 ana uwezekano wa karibu asilimia 40 kuipata maishani, na wa BRCA2 asilimia 10 hadi 20, na saratani ya titi juu yake. Kwa hiyo kaa na wajomba, mama wadogo na shangazi uwaulize: nani aliugua titi kabla ya miaka 50? Nani aliugua kongosho, au tezi dume iliyoenda kasi? Usiache upande wa baba, maana jeni hizi hupita kwa wanaume vile vile. Watu wakubwa watasema "alirogwa" au "alikuwa na uvimbe tu". Andika hata hivyo, na umri aliofia.

Mkikuta wagonjwa wawili watatu, hapo ndipo pesa ya kipimo ina maana: kipimo cha vinasaba vya BRCA, ambacho daktari bingwa wa saratani atakueleza sampuli inaweza kupelekwa wapi. Kinafanyika mara moja maishani, na jibu lake lina hatua ya kufuata. Mwenye kasoro, akishamaliza kuzaa, hushauriwa kuondoa ovari na mirija, kwa BRCA1 kati ya miaka 35 na 40, kwa BRCA2 kati ya 40 na 45. Mirija nayo nimeitaja makusudi, kwani siku hizi tunajua saratani nyingi zinazoitwa za ovari huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, kidoa kisichoonekana kwa altrasaundi wala kutoa protini ya kutosha kusomeka. Upasuaji huo una gharama yake, hedhi hukoma ghafla na mifupa huathirika, kwa hiyo usiufikirie bila jibu la vinasaba na mazungumzo marefu na mtaalamu.

Kwa mwezi huu fanya hivi. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake hospitali ya rufaa ya mkoa, ukiwa na karatasi ya 48, akupime nyonga na kukufanyia altrasaundi, ikiwezekana ile ya kupitia ukeni. Rudia CA-125 baada ya wiki sita hivi, katika maabara ile ile, hedhi ikiwa imeshakwisha. Ovari zikionekana safi na namba ikashuka au ikabaki pale pale, suala la namba limekwisha. Ikipanda, au altrasaundi ikionyesha uvimbe wenye kuta nene au vipande vigumu ndani yake, utahitaji rufaa kwenda kwa mabingwa wa saratani, kama wale wa Ocean Road.

Ukiwa hapo omba pia uchunguzi wa mlango wa kizazi kama hujafanyiwa. Saratani hiyo ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko zote Tanzania, na kipimo chake hakihitaji ndege: ni siki iliyochanganywa na maji, taa, na muuguzi aliyefunzwa.

Usisubiri miadi ukiona tumbo linakua huku mwili unakonda, au kushiba kwa matonge mawili, maumivu ya nyonga au haja ndogo ya mara kwa mara ambayo ni mpya kwako na inakusumbua zaidi ya siku kumi na mbili kwa mwezi. Hizo ni za kwenda wiki hiyo hiyo. Tumbo kuvimba na choo kufunga kabisa ni za kwenda siku hiyo hiyo.

Mumeo mshukuru, mwanaume aliye tayari kukopa kwa afya ya mkewe si wa kubezwa. Mwambie kazi aliyonayo sasa ni kwenda kulifuatilia faili la mama. Akilipata, niandikieni yaliyomo kwenye mstari wa mwisho wa ripoti ya kinyama, neno kwa neno, hata kama ni Kiingereza kilichoandikwa vibaya, na umri aliokuwa nao mama siku hiyo.